Upepo wa Tairi na Uzito wa Mama Mkwe

Jumanne, 8 Julai 2025

Habari njema, na mtihani. Shemeji yangu Monika amepiga simu kutoka kwao, kijijini huko ndani ya Laela. Mama mkwe amekubali mimi nimlete mjini Jumamosi kwa ajili ya misa ya kwanza ya Padri Vitus, mwanawe, Jumapili. Akifika mgongo hauumi, mke wangu Coleta ananirudia. Akifika analalamika, Coleta anabaki kwao moja kwa moja. Mke wangu! Na yote haya kwa sababu ya ule mzinga wa nyuki niliouweka chini ya kitanda chetu. Nyuki wenyewe walikuwa wapole.

Tatizo: pikapu yangu ina kiti kimoja tu kirefu mbele. Kwa wakwe zangu, mwanamume hakai kiti kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi. Lazima Mama apande nyuma, kwenye bodi. Sawa. Nitafunga kochi letu kwa kamba, akae kama yuko sebuleni. Lakini springi za gari hili ni ngumu kama tofali. Kilichobaki cha kulainisha safari ni upepo wa tairi. Ndoa yangu iko kwenye upepo.

Mwanyumba wangu Eustace, aliyeoa dada yake Coleta, ana pikapu ya milango minne. Amepiga simu kusema yuko tayari kunisaidia nikishindwa. Nikishindwa! Nimemjibu kwamba tuko vizuri. Hatuko vizuri hata kidogo.

Jumatano, 9 Julai

Nimegundua kibandiko cha Kijapani kwenye mlango wa dereva. Namba zinasomeka: mbele 240, nyuma 350. Nikakimbia kwa Obed, fundi pancha wa hapa Mazwi, nikamwambia ajaze 240. Akaniuliza kama nataka afe akiwa kazini. Geji yake inaishia 100. Anasema hicho ni kipimo kingine, niweke 35 mbele, na nyuma itategemea mzigo. Akauliza mzigo gani. Nikataja kochi, gunia la ulezi na Mama mkwe. Akauliza kila kimoja kina kilo ngapi.

Kochi nilikadiria. Ulezi nilijua. Wa Mama sikuujua. Mtu anauliza wapi uzito wa mama mkwe wake?

Nikapata akili. Nikamwomba Monika amwambie Mama kwamba wanunuzi wa mahindi pale Laela wana mizani mpya, na wanatafuta mtu mzima wa heshima aijaribu. Jibu limekuja jioni. Mama amekataa. Ameuliza kama mimi, Flavian, nataka kumuuza. Coleta naye alikuwa hapo, akasema hashangai.

Sijala. Nimekaa naangalia tairi.

Alhamisi, 10 Julai

Majaribio. Obed amekubali kukaa kwenye kochi, na ubavuni kwake nikapakia mchanga badala ya ulezi. Nyuma tuliweka 50. Tukaifuata ile njia ya vumbi yenye matuta. Nikamsikia Obed akipiga kelele, nikadhani anaimba. Kumbe alikuwa amejing'ata ulimi.

Nikashusha hadi 20. Mungu wangu, ulaini ulioje! Gari lilikuwa linaelea. Obed akaanza na lawama zake: tairi laini lenye mzigo likienda mbali kwenye lami hupata moto, na likipata moto hupasuka. Nikamwuliza moto gani. Huko bondeni Ziwa Rukwa sawa. Lakini hapa Ufipa, Julai, watu wamevaa makoti mawili na kofia ya sufu! Tairi litapoozwa na baridi yenyewe. Nashangaa hakuna fundi aliyewahi kufikiria hili.

Obed akaenda kunywa chai.

Ijumaa, 11 Julai

Wizi! Nimepima asubuhi, nimekuta 17. Jana niliacha 20. Nani kaniibia upepo? Eustace alipita jana jioni akasimama karibu na gari langu akijifanya anaongea na simu. Nimempigia, nimemwuliza kwa upole alikuwa anafanya nini na valvu zangu. Amekata simu.

Obed anadai baridi ya alfajiri ndiyo hushusha kipimo, na jua likitoka kitapanda. Huyu jana alisema tairi hupata moto, leo anasema hupata baridi. Aamue.

Nimeongeza. Nikaogopa, nikapunguza. Nikaongeza tena. Nimeishia 19. Tairi la akiba nimelishusha, maana lilikuwa linabana kochi.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika huku mikono bado inanuka mpira.

Coleta na Monika walitangulia kwa basi kusaidia mapishi. Nikamkuta Mama yuko tayari, kajifunga blanketi mbili. Majirani wakampandisha kwenye kochi, mimi nikitazama upande wa pili. Tukatoka. Njia ya vumbi, safi. Lami, safi zaidi. Nikaanza kupiga mluzi.

Halafu gari likaanza kuyumba. Nikajiambia ni ulaini. Halafu mlio, na gari likakaa upande kama ng'ombe mchovu. Tairi la nyuma lilikuwa vipandevipande, na lilikuwa la moto! Katika baridi ile!

Ilibidi Mama ashuke nipige jeki. Hakuna mtu. Hakuna nyumba. Ni majani tu na upepo mkali, na mimi siruhusiwi kumsemesha. Nikageuka nikampa mgongo, nikalisemesha gunia la ulezi. Nililiomba gunia radhi. Nikaliambia ngazi niliyokuja nayo iko upande wa kushoto, lishuke taratibu, lisiumie. Kisha nikamsikia Mama akiliambia gunia limjulishe huyo kijana kwamba yeye alikuwa usingizini, na sasa anashuka.

Alishuka. Nikakumbuka tairi la akiba liko Mazwi, uani. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo. Nikaliambia gunia. Mama akaliambia gunia kwamba amesikia.

Tulikaa hivyo, migongo ikitazamana, hadi akatokea nani? Eustace, na masufuria ya sherehe na tabasamu pana. Akampakia Mama kiti cha nyuma, akaniachia kochi. Mimi nimefika jioni, nimevutwa na trekta.

Kwisha habari yangu.

Jumapili, 13 Julai

Misa ilikuwa nzuri, wanasema. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha Coleta.

Baada ya chakula Monika akaja na maneno ya Mama. Nilishika meza. Mama amesema mgongo hauumi, hajawahi kulala vizuri hivyo garini. Mambo ya tairi ni ya mafundi. Lakini mwanaume aliyesimama kwenye upepo ule akilibembeleza gunia ili asimvunjie heshima, huyo hatupwi. Eustace, kumbe, aligeuka nyuma akamtazama Mama usoni na kumwuliza kama amekaa vizuri! Eustace hakupewa hata mguu wa kuku.

Coleta amerudi nyumbani! Nimemshika mkono mbele za watu. Aliuacha kidogo, halafu akasema jambo moja tu: kesho gari liende kwa Obed, liwekwe upepo unaotakiwa, na mimi nisiuguse tena. Nikaapa. Nilikuwa na furaha sana, ningeapa lolote.

Jumanne, 15 Julai

Nimefikiri kwa utulivu. Mama alilala. Alilala kwa sababu ya 19! Kosa lilikuwa la tairi, lilikuwa zee. Upepo ulikuwa sahihi. Tena ungepungua kidogo.

Kwa hiyo nimemwahidi Padri Vitus kumpeleka Chala kwenye kituo chake kipya, kesho, juu ya kochi. Nimeweka 16. Obed amekataa kushika geji, nimeazima ya mtu. Nilipomweleza Coleta mpango huo hakugomba hata kidogo. Amekuwa mpole sana siku hizi. Amevaa koti, na begi lake, ambalo hajalifungua tangu arudi, amelisogeza mlangoni.

Nimefurahi, maana anakuja nasi Chala bila hata mimi kumwomba. Nimelibeba begi mwenyewe hadi kwenye mizani ya dukani. Kilo kumi na nane. Nimeongeza upepo kidogo nyuma.