Uzinduzi wa Sungura Mwenye Upanga wa Barafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ametuma udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, waheshimiwa wachungaji na mapadre, walimu wakuu, wazee wetu wa Kihesa, Bibi Apolonia, mama wa hadithi, uliyeketi pale juani, wanafunzi, mabibi na mabwana: kamwene! (Kamwene!) Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa.

Kwa jina naitwa Clement Sifaeli, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuboresha Hadithi za Utotoni, Mbeya na Iringa. (Makofi.) Leo tunazindua toleo la kisasa la hadithi iliyotulea sote, ya Sungura aliyekunywa togwa ya Fisi kisha akaujaza mtungi matope. Utafiti wetu, uliofanyika katika semina ya siku tano kule Iyunga, umebaini kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya vijana wanahitaji fantasia. Kwa hiyo, katika mchakato wa kuiongezea hadithi thamani, Sungura sasa ana miaka kumi na saba, anaitwa Mwanamfalme Zairon, ana upanga wa barafu na huzuni isiyoelezeka. Fisi ni binti mwenye mabawa anayempenda. Na togwa, baada ya mashauriano na wadau, imeondolewa, pamoja na kicheko. (Mwanafunzi Lea: "Sasa mheshimiwa, asipoiba togwa anafanya nini?") Swali zuri sana, binti. Anatimiza unabii. (Mzee Yotamu: "Unabii wa nini?") Utaelezwa katika juzuu ya tatu, mzee wangu.

Ndugu zangu, wapo wanaopotosha kwamba Kamati haikumsikiliza Bibi Apolonia, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayeijua hadithi hii yote pamoja na wimbo wake. Si kweli, na inaniuma. Tulimfuata mara tisa, tena kwa gari, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa mujibu wa saa za kazi, na mara zote tisa Bibi alitukaribisha viazi, akakataa kusimulia, akidai hadithi ya mchana hupoteza ng'ombe. (Bibi Apolonia: "Si niliwaambia mje jua likizama, mwanangu? Hata moto nilikoka.") Bibi, nakuheshimu mno, lakini jua likizama dereva anakuwa amesharudisha funguo. (Kicheko.) Na kwa kuwa wimbo haukupatikana, mahali pake tumepanga kuweka picha yangu.

Hadithi bora, kizazi bora! (Bora!) Kihesa hoyee! (Hoyee, wachache.)

Mwisho, nawashukuru wanafunzi waliobeba maboksi haya, na ninawasihi wasiyafungue, kwani yana majalada tu. Kitabu chenyewe hakijaandikwa, na mwandishi hajapatikana. Hata hivyo, Kamati imepokea manung'uniko yenu, na imeridhia kwamba awamu ya pili, miaka minne ijayo, fedha zikiruhusu, ianze na hadithi ya asili, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa Bibi. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, namwagiza Bibi Apolonia aendelee kuwa hai mpaka atakapopokea barua yetu. Asanteni kwa kunisikiliza.