Maombi ya Kuachishwa Ukocha wa Barafuni

Hezron Barasa,
Chumba cha Madereva, Riyadh.
Tarehe 3 Mei.

Kwa Msimamizi wa Madereva,
Bwana Alfayo, Kandara, Jeddah.

Mheshimiwa Msimamizi, ambaye pia ni Mjomba wangu,

KUH: KUACHISHWA KAZI KWA SABABU YA USHINDI

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mgongo wako. Mimi huku ni mzima, ukiondoa mafua. Nimeamua kukuandikia kwa utaratibu wa kikazi kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "Hezron, vumilia" kabla sijamaliza sentensi. Naomba uisome yote, kisha umtafsirie bosi kwa kile Kiarabu chako kizuri, bila kuongeza chumvi.

Unajua vyema kwamba ikama yangu, kibali changu cha kukaa nchi hii, imeandikwa dereva. Nililetwa Riyadh miaka minne iliyopita kuendesha basi la wanafunzi wa chuo. Leo hii mimi ni kocha wa timu ya chuo hicho ya magongo ya barafuni, mchezo ambao vijana hukimbia juu ya barafu kwa viatu vya chuma wakigombania kisahani cheusi. Huu ni msimu wangu wa tatu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Sikuomba. Kocha wa kwanza, mzungu mpole, alimaliza mkataba akaenda kwao. Bosi alinikuta ndani ya basi nikila mkate, akaniuliza, "Hezron, wewe unaweza simama pale na vijana?" Sasa, Mjomba, ni wewe uliyenifundisha siku ya kwanza kwamba mtu wetu akiulizwa na bosi kama anaweza, anaweza, halafu ndipo anatafuta wa kumuuliza inafanywaje. Norman, yule mlinzi ninayelala naye chumba kimoja, alisema anaweza kutengeneza lifti, na watu wawili walikaa ndani yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilisema, "Tamam, bosi." Nilidhani ni kusimama siku moja.

2. Baridi. Niliagwa nyumbani kwa kuonywa juu ya jua. Hakuna aliyenionya kwamba nitakuja jangwani kuvaa gambuti, makoti mawili na kofia ya sufu mwezi wa Mei. Nikitoka nje jua linanichoma, nikirudi ndani nagandishwa, na pua yangu haijui tena iko nchi gani. Norman huwaambia watu kwamba nafanya kazi kwenye ghala la nyama. Sijamsahihisha, kwa maana hilo ni rahisi zaidi kueleza.

3. Ujinga wangu unaleta ushindi. Msimu wa kwanza sikujua lolote, nikawa nasimama kimya nimekunja mikono. Vijana wakadhani ni mbinu. Mechi ya pili nilimpungia mkono Norman aliyekuwa amekuja kutazama. Wachezaji watano wakatoka mbio, watano wakaingia, na mmoja wa walioingia akafunga. Tangu siku hiyo siwezi kumsalimia mtu kwa amani. Nikijikuna sikio, beki anahama upande.

4. Basi. Makocha wa vyuo vingine hupiga filimbi na kubembeleza. Mimi nina ufunguo. Saa kumi kamili jioni naondoka, aliyemo yumo. Siku moja nilimwacha getini nahodha wetu, Mishari, kijana ambaye kwao kuna madereva watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwacha popote. Alifika kwa teksi akihema, na begi lake kubwa kama godoro. Nikamkalisha benchi kipindi kizima. Alilia, Mjomba, machozi kabisa. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye basi, na tangu hapo hatujafungwa na chuo chochote cha Riyadh. Kosa hilo ni langu na nalikiri.

5. Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mkataba wangu unasema dereva huenda nyumbani kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa pili bosi alisema nisubiri ligi iishe. Ligi ikaisha, kukawa na mazoezi ya ligi nyingine. Mwaka jana yalikuwa yale yale. Nikiomba likizo naambiwa kocha hawezi kuiacha timu. Nikiomba kuhamishwa kutoka kitanda cha karibu na jiko naambiwa madereva wote hulala hapo. Nimekuwa watu wawili, na hakuna hata mmoja wao anayepewa kitu.

Nilimwacha binti yangu Stacy akiwa na miezi minane. Sasa anaenda chekechea. Mke wangu Celestine ameniambia kwamba mtoto akisikia simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya mama muuza mboga, hukimbia akipiga kelele, "Baba ameamka!" kwani anadhani naishi humo. Nilicheka ili Celestine asikie nikicheka. Halafu nilienda kukaa ndani ya basi, kiti cha nyuma kabisa, mpaka vijana wakaja kuniuliza kama naumwa. Iliniuma sana na bado inaniuma, na hilo usimtafsirie bosi.

6. Nimejaribu kushindwa kwa uaminifu wote. Nusu fainali tulikuwa nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika mbili. Nikaona mlango wa nyumbani umefunguka. Ili nisibahatishe, nilimwita kipa aje akae nami benchini, lango likabaki tupu, nikamwingiza mshambuliaji mwingine ambaye hakuhitajika. Tukasawazisha. Kisha tukafunga la pili. Bosi alinibusu mashavu yote mawili mbele ya watu. Baadaye nilielezwa kwamba makocha wakubwa wa dunia hufanya hivyo hivyo wakiwa nyuma, na kwamba nilikuwa jasiri.

Sasa tuko fainali, hapo kwenu Jeddah, tarehe 27. Tukishinda, bosi amesema tutaalikwa mashindano ya nchi jirani, na mimi nitakuwa nimeisha kabisa.

Kwa hiyo naomba nitangazwe rasmi kuwa nimeshindwa kazi. Hilo likiwa gumu, naomba koti langu lisimamishwe kwenye fimbo pale benchini, kwa kuwa kazi yangu kubwa ni kunyamaza na koti litanyamaza vizuri kuliko mimi. Na hilo nalo likikataliwa, basi umeme wa kiwanja uzimwe wiki moja tu. Jua la Riyadh litamaliza mengine. Pasipo barafu hakuna kocha, na pasipo kocha atabaki dereva, na dereva ana haki ya kwenda kwao. Viza ya kutoka na kurudi itolewe kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Sitaki siku zaidi ya zile za mkataba.

Nisalimie shangazi Truphena, na umwambie madam aliyemwajiri kwamba Ijumaa ni siku ya kupumzika hata kwa watu wa Kakamega. Msalimie Selipher wa mtaa wa Karantina aliyenitumia dawa ya mafua. Mwambie ilifanya kazi mpaka nilipoingia tena kazini. Salamu pia kwa wote mnaokula nao hapo siku za Ijumaa.

Ni mimi mpwa wako, ninayekutii ofisini na nyumbani,
Hezron Barasa,
dereva kwa maandishi.

Tanbihi: Mjomba, kabla hujampelekea bosi barua hii. Jana nilitazama mechi zote tatu za hao wa Jeddah kwenye simu, mara mbili mbili. Beki wao wa kushoto huchoka kipindi cha tatu na hakuna aliyewahi kuligundua hilo. Mishari nimeshamwonyesha, lakini ana papara. Nisipokuwa karibu atamkimbilia mapema aharibu kila kitu. Viza ikitoka kabla ya tarehe 27, tafadhali iweke kwenye droo yako wala usiniambie. Na wale wa nchi jirani, uliza wanacheza lini. Celestine nitamweleza mwenyewe, au umweleze wewe, wewe anakuheshimu. Stacy bado hajaambiwa kwamba nilikuwa nakuja, kwa hiyo yeye hatahitaji kuelezwa kitu.