Mtungi wa Constantine

Constantine alipowaona ng'ombe wa mama Mboje wamefungwa nyuma ya kiwanda chake cha matofali, hapo Bariadi, papo hapo alijiona kuwa mtaalamu. Matofali yenyewe yalikuwa yakimong'onyoka kama kiporo cha ugali. Mama huyo alikuwa amenunua saruji ya aina mpya, ile ambayo utengenezaji wake hutoa hewa ukaa kidogo, akawa anaimwagilia maji kwa bidii, nayo ikakataa katakata kuganda. Zahanati ya Ngulyati ilikuwa ikisubiri matofali hayo. Yasipopatikana, kazi ingepewa mwingine.

"Mwangaluka, mama!"

"Mwangaluka, baba. Suti katika jua hili?"

"Suti ya utafiti. Mama, saruji hii haigandi kwa maji. Hugandishwa na hewa ukaa, gesi ileile ya mapovu ya soda."

Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli: alilisikia redioni. Uongo ulikuwa ndani ya mtungi, alioujaza upepo kwa fundi wa matairi. Alifunika matofali kwa turubai, akaufungulia mtungi ukapiga mluzi, na kabla ya kufunua akapenyeza tofali moja la saruji ya kawaida. Mboje akalipiga nyundo, nyundo ikadunda.

"Nikutuze nini, baba?"

"Yule ng'ombe mweusi mwenye maziwa. Sayansi haina tamaa, mama."

Mboje aliwaita majirani, akataja mbele yao rangi ya ng'ombe na mkato wa sikio lake, kisha akamkabidhi kamba. Constantine akainama kwa adabu, akidhani anaheshimiwa.

Mnadani alikokwenda kumwuza, mnunuzi wa kwanza, mmoja wa majirani wale, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Bwana, huyu umebilishwa! Umepewa umtunze na kunywa maziwa yake. Mwenyewe ni Mboje, na sisi majirani ni mashahidi. Anayeuza ng'ombe wa namna hii tunamwita mwizi."

Mboje akatokea na kaka yake Ndaki, mtu wa maneno machache na mikono mipana.

"Baba mtaalamu, matofali yamebomoka yote isipokuwa moja. Polisi, au gesi ya kweli?"

"Gesi, mama! Gesi!"

Suti ikauzwa, mtungi ukajazwa hewa ukaa halisi. Matofali mapya yakaganda ngozi tu, ndani teketeke. Ndaki akakunja mikono ya shati. Hofu ikamkumbusha Constantine nusu ya pili ya kile kipindi cha redio.

"Yamelowa mno! Maji yameziba vitundu vya ndani, gesi haina pa kupenya. Tuyaanike kwanza, yabaki na unyevu kidogo!"

Wakayaanika, wakayafunika upya. Yakatoka magumu, na zahanati ikapata kuta.

Constantine alibaki hapo kibaruani. Wageni kutoka Lalago, waliokwisha kusikia kisa cha mtungi wa upepo, walipomwuliza kama kweli gesi hukomaza tofali, aliwaeleza yote bila kutia chumvi hata chembe. Wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakamgeukia Mboje.

"Mama, na ukweli wenyewe ni upi?"