Mwenye Ufunguo wa Mfereji

Jumatatu, 10 Novemba
Habari mpya! Ijumaa kutakuwa na sinema ya kutisha katika ukumbi wa kanisa, hapa Lodwar. Imetengenezwa na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Inahusu maji. Maji yanatishaje? Nimeuliza watu watatu, hakuna anayejua. Ajabu ni kwamba vijana hao hawakuniuliza mimi, Lotiir, mwenye ufunguo wa mfereji, yaani bomba la maji la mtaa huu, mwaka wa sita sasa. Halafu nasikia atakayeshika kipaza sauti ni jirani yangu Adome. Fundi viatu! Nimekasirika hadi nikasahau kufungua mfereji. Akina mama wamesubiri mpaka saa sita. Wamezoea.

Jumanne, 11 Novemba
Sijalala vizuri. Nini kilicho ndani ya hiyo sinema? Nyoka? Mzimu? Kesho naenda Kakuma kuiona kabla ya Adome.

Jumatano, 12 Novemba
Nimefika Kakuma, ufunguo mfukoni. Siwezi kumwachia mtu. Mtengenezaji ni binti Mkongo, Christelle, mpole, ana daftari. Nimejitambulisha kuwa mshauri wa maji. (Nani atakataa?) Nikaomba anionyeshe kidogo tu. Akakataa kwa heshima, akasema hofu hailiwi kiporo.

Badala yake akaniuliza maswali. Hatimaye, mtu mwenye akili! Nikamweleza yote. Kwamba nafungua nikiwa tayari. Kwamba anayenisalimu vizuri hutangulia, na aliyenuna mtungi wake hujazwa mwisho. Kalamu yake ilikimbia.

“Papa,” akaniambia, “weye njo mutu nilikuwa natafuta.”

Amenialika niseme neno baada ya sinema. Adome atafungua, mimi nitafunga. Kufunga ndiyo kazi yangu!

Alhamisi, 13 Novemba
Nimerudi jioni. Mtaa umenyamaza. Nimekutana na Akai, dada wa mke wangu, akitoka mtoni na mtungi kichwani. Nimemsalimu kwa Kiturkana, ejok. Hakujibu. Joto, labda. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo.

Ijumaa, 14 Novemba
Ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, tukatokwa jasho kama mbuzi wa sikukuu. Adome alifungua kwa sentensi mbili. Hana kipaji.

Sinema: mtu mmoja ana ufunguo wa kisima. Hufungua anapotaka. Mama mmoja anafia kwenye foleni. Usiku huo mitungi mitupu inasimama yenyewe, inatembea hadi mlangoni kwake, inagonga. Ko. Ko. Ko. Watu walipiga mayowe! Mimi nilimshika mkono aliyekaa karibu nami. Alikuwa Adome.

Jambo la kushangaza: kadiri sinema ilivyoendelea, watu waliacha kutazama kitambaa cha sinema, wakanitazama mimi. Kwa nini? Nilifikiri ni kwa sababu ya hotuba.

Taa zikawashwa. Christelle akasema aliogopa watu wa Lodwar watamwambia ametia chumvi, kwa hiyo amemleta mtaalamu. Nikasimama. Nikaeleza yote, bila kuficha, kama nilivyomweleza yeye. Hakuna aliyepiga makofi.

Kisha Akai akasimama, mtoto mgongoni.

“Shemeji, Jumatano ulienda Kakuma na ufunguo?”

Nikasema ndiyo, kwa usalama.

“Jumatano huyu mtoto alikuwa anachomeka na homa. Nilikuja kwa mfereji. Kufuli. Nikaenda mtoni kuchimba mchanga na mikono. Amepona, Mungu amesaidia. Lakini mimi sikutazama hii sinema leo. Mimi niliitazama Jumatano.”

Nilitaka kujibu. Kwanza nikaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyenyanyuka.

Pasta wa kanisa hilo akanyoosha mkono. Nikamwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akai na mwenzake Abei ndio watakaoutunza.

Jumamosi, 15 Novemba
Wamefungua saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tatu kila mtungi mtaani ulikuwa umejaa, hata wa Adome. Wamewezaje? Nimechunguza kutoka dirishani asubuhi nzima. Hakuna siri niliyoona. Bahati tu.

Mke wangu ameniambia niende nikamwombe dada yake msamaha. Nimekwenda hadi mlangoni kwake. Nikamsikia mtoto akicheka ndani. Nikarudi bila kugonga.

Jumapili, 16 Novemba
Nimetafakari. Sasa nimeielewa sinema! Kosa la yule bwana halikuwa ufunguo. Kosa lake ni kwamba hakuwa na mtu wa kupanga foleni. Foleni isiyo na kiongozi ndiyo inayoua watu. Ni ajabu Christelle mwenyewe hakuliona hilo, nitamwandikia.

Watu wote wako kanisani. Nimechukua rangi nyeupe nikaandika nambari kwenye mitungi iliyoachwa mferejini. Wanaonisalimu vizuri wako mbele. Nimejiteua mwenyekiti wa foleni.

Foleni yenyewe bado haijaambiwa.