Ada ya Mazishi ya Kompyuta

Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe na hakuna aliyeweza kumnyang'anya, alikuwa dukani akisubiri kopi za vyeti ambavyo hakuwahi kuvisomea. Ghafla kompyuta ya duka ikatoa tangazo: toleo hili la mfumo halitahudumiwa tena. Mwenye duka akakodoa macho.

"Ndiyo nini hii, kaka?"

Mtaalamu hakujua vizuri, lakini mdomo wake haukuwa na tabia ya kusubiri kichwa. Akavua miwani taratibu.

"Pole sana, dada yangu. Imefariki."

"Mbona inawaka?"

"Hapo ndipo penye hatari. Mfumo umekufa, mwili haujapata habari. Sasa wezi wa mbali wanaingia humo na kukuona mpaka unavyopiga mswaki. Na isipozikwa mapema, inaambukiza hata simu."

Tuseme ukweli kidogo, maana mwenzetu hakuwa na nafasi ya kuusema. Toleo likifika mwisho wake, watengenezaji huacha kulipelekea marekebisho ya usalama, na mambo ya benki ni heri uyafanyie kwingine. Lakini kompyuta yenyewe haifi, hainuki, wala haiambukizi mtu.

Dada akalipa ada ya mazishi na kukabidhi kompyuta ikiwa imefunikwa shuka. Habari ikaenea mtaani. Kabla ya jioni mwenye saluni, muuza dawa na wengine wengi walikuwa wameleta marehemu wao, baadhi wakiwa wamevaa glovu. Kinyozi alilia kabisa, ikabidi ashikwe mkono. Mtaalamu akawapa pole wote, akazirundika kompyuta kwenye chumba alichopanga, akisubiri kwenda kuziuza mji mwingine.

Sasa, mtaani humo alikuwako Mama Uzi, aliyetarizi nembo kwenye sweta za shule. Charahani yake ya tarizi ilikuwa ya zamani na ilielewana na toleo hilo hilo tu. Matoleo mapya iliyakataa katakata. Kompyuta yake ilikuwa imeungua, sweta zimejaa mpaka juu ya kochi, na mwalimu mkuu ameshasema zikichelewa kazi anapewa mwingine. Bila kazi hiyo, Mama Uzi angefunga duka. Akaenda kubisha hodi.

"Mwanangu, nasikia unazo kompyuta za toleo la zamani. Niuzie moja tu."

Mtaalamu akanusa shida kama paka anavyonusa samaki, akataja bei ya kompyuta tatu mpya.

"Kwa maiti?" Mama Uzi akashangaa.

"Maiti adimu, mama."

Akamwomba, akambembeleza, akamweleza habari za sweta. Mtaalamu akaanza kusafisha kucha. Mama Uzi akatoka, na uani akamkuta baba mwenye nyumba akimwagilia maua.

"Shikamoo, baba. Poleni na msiba. Ila nyie majasiri, kulala nyumba moja na marehemu wote wale!"

"Marehemu gani tena?"

Mama Uzi akamsimulia yale yale aliyoyatangaza Mtaalamu, bila kuongeza chumvi. Haikuhitajika. Mzee alitupa ndoo, akaenda kuugonga mlango wa mpangaji wake kwa ufagio.

"We kijana! Toa maiti zako sasa hivi, au nianze kukutoa wewe!"

"Mzee, ni salama kabisa, nakuapia..."

"Salama?" Kinyozi alikuwa ameshafika dirishani, na nyuma yake nusu ya mtaa, maana kelele hazikosi watu. "Kama ni salama, tulilipia mazishi ya nini?"

Mtaalamu akapiga hesabu haraka. Akisema ni salama, arudishe hela za watu. Akisema ni hatari, alale nje.

"Ni hatari," akasema kwa sauti ndogo. "Hatari sana."

Umati ukarudi nyuma. Wenye mikokoteni wakakumbuka kwamba migongo inawauma. Ndipo Mama Uzi akatokea na mkokoteni wa kuazima, glovu zimefika viwikoni.

"Nitawazika mimi. Ila mazishi yana ada, mwenyewe unajua."

Mtaalamu akatoa hela zote alizokusanya.

"Na nani atasukuma?" akauliza.

"Wafiwa ndio wanaosukuma."

Akasukuma, jasho likimtoka, mtaa mzima ukifuata kwa mbali kwa heshima zote. Akaziingiza dukani kwa Mama Uzi moja moja. Mama Uzi hakupoteza muda: akachomeka moja kwenye umeme, akaiunganisha na charahani. Sindano ikaanza kukimbia, na nembo ya shule ikatokea kwenye sweta, nzuri kama zamani. Mama Uzi akacheka na kulia kwa pamoja, akajifutia sweta ya mtoto wa watu.

"Jamani, ile si yangu?" dada wa kopi akauliza mlangoni. "Na inafanya kazi!"

"Ni yako, mwanangu. Zote mtachukua, na hela zenu hizi hapa. Hii naomba uniazime mpaka nimalize sweta."

Watu wakageuka kumtafuta Mtaalamu. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, pazia linapepea. Mlangoni vilibaki viatu vyake vyeusi vya kung'aa, kwa kuwa Mama Uzi hakuruhusu mtu akanyage na viatu karibu na sweta.

Kinyozi akavijaribu. Vilimtosha.