Ukaguzi wa Mchumba Katika Baa Tatu

Kwa Dada yangu Mkubwa, mama mzazi wa binti anayeposwa,

YAH: KUIKATAA POSA YA KIJANA WA KUTIKISA VIKOPO

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na majirani bado wanakuogopa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Rejea agizo lako la simu kwamba, kwa kuwa shemeji ni marehemu na binti yako anaishi kwangu tangu aanze kazi, mimi mjomba mtu nimchunguze huyo kijana aliyeleta posa, nikuandikie, kisha wewe utoe jibu. Nimemchunguza. Kazi yake ni kuchanganya kokteli. Alipoambiwa kwamba nilikuwa bwana afya na kwamba nimefunga migahawa mingi kuliko iliyobaki wazi, badala ya kutoroka kama mtu mwenye akili timamu, alinialika mimi na mpwa wangu tuzunguke baa tatu jioni moja tuione kazi yenyewe. Nilikwenda na tochi yangu. Naomba kuwasilisha malalamiko kama ifuatavyo:

1. Baa ya kwanza, ambamo ndimo anamofanyia kazi, iko juu kabisa ya jengo refu, kana kwamba kiu ni ugonjwa wa ndege. Kwenye menyu hakuna kinywaji kinachoitwa kwa jina la kinywaji. Kuna "Jumatatu Asubuhi". Kuna "Aliyekuacha Anajuta". Nilichagua "Machozi ya Mhasibu" kwa kuwa mhasibu angalau ni mtu wa ofisi. Ikaletwa bilauri yenye jani moja lililobanwa ukingoni kwa kibanio cha nguo. Niliuliza nguo zenyewe ziko wapi. Mhudumu akasema, jani hilo ni la kunusa tu, mzee, usilile. Nilikuwa nimeshalila.

2. Moto. Huyo mkwe wako mtarajiwa alivaa aproni ya ngozi kama fundi viatu, akapita nyuma ya kaunta atuonyeshe ufundi, akachoma kipande cha mti na kukifunika pamoja na bilauri ndani ya kengele ya kioo mpaka moshi ukajaa. Dada, mimi nimesomea kazi yangu. Niliuchomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, nikaimwagia kaunta yote unga mweupe, kisha nikawateremsha wateja kwa ngazi, wenye viatu virefu wakitangulia. Tulipofika chini ndipo mpwa wangu akanieleza kwamba moshi ule ni kiungo. Kiungo! Maisha yangu yote nimewapiga watu faini kwa kuacha chakula kinukie moshi, kumbe walikuwa wasanii. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru. Mwenye baa alipofoka, kijana akasema kosa ni lake, hakumwonya mzee, akachukua kitambaa akaufuta unga ule mwenyewe. Huo ni udhaifu mkubwa. Mwanamume anayejitwisha kosa la mkwe kabla ya ndoa, akishaoa atabebeshwa mangapi?

3. Baa ya pili imejificha. Unaingia katika duka la samani kuukuu, unafungua mlango wa friji, na ndani ya friji kuna ngazi. Enzi zangu baa iliyojificha ilikuwa na sababu ya kujificha, na sababu hiyo kwa kawaida ilikuwa ni mimi. Humo ndani ni giza totoro. Watu wanasoma menyu kwa kunusanusa. Nilipowasha tochi walinizomea. Kinywaji kilikuja ndani ya balbu ya taa, cheusi kama oili ya gari, na juu yake kumewekwa povu ambalo haliliwi, halinyweki wala halioshi vyombo. Niliuliza kwa adabu kama balbu zimechemshwa. Mchanganyaji wa pale, mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, akanijibu kwamba ule ni uzoefu, si kinywaji. Nikamwambia hata kuhara ni uzoefu. Huyo kijana wetu alicheka mpaka akaegemea ukuta, yaani anamcheka mwenzake wa kazi. Hana umoja na wenzake.

4. Binti yako naye alicheka. Sijamsikia akicheka namna ile tangu tumzike baba yake. Mtu anayeweza kumchekesha mtoto wa watu kiasi hicho ni wa kuogopwa.

5. Baa ya tatu ni ya mama yake, uani nyuma ya mafundi wa matairi. Viti vya plastiki, benchi moja linaloyumba, na kokteli ya tangawizi, nanasi na kitu kikali inayochotwa kwa upawa kutoka kwenye ndoo. Haina jina. Ukitaka nyingine unainua bilauri. Nikajisemea, hapa sasa nimefika kazini. Nikaikunja mikono ya shati.

Dada, sikupata kitu. Ndoo ina mfuniko, upawa una msumari wake wa kutundikwa, maji yamechemshwa. Nilizunguka nyuma nikakuta choo kinanukia dawa. Nikapitisha kidole chini ya kaunta, mahali ambapo hakuna binadamu anayefuta, kidole kikatoka kama kilivyoingia. Mama yake alisimama mikono kiunoni akiniangalia. Akasema, tafuta vizuri bwana mkubwa, hata huyo mwanangu nimemlea hivyohivyo. Sijawahi kudharauliwa namna hiyo. Mahali pasipo na kosa hata moja panamnyima mkaguzi heshima yake, na familia isiyoheshimu kazi ya mjomba haifai kuingiliana nayo.

6. Nilikunywa bilauri ya pili kwa ajili ya kuhakikisha. Na nyingine.

7. Hili ndilo zito kuliko yote. Akiolewa, ataondoka. Kwangu nani atanifokea kwamba nimezidisha chumvi? Nani atanificha funguo ili nisitoke na homa? Nimemzoea mtoto huyu, na nitaumia. Huyo kijana hakulifikiria hilo hata kidogo alipokuwa akichoma miti yake.

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza posa irudishwe, kijana atafute kazi isiyo na moshi, na binti abaki kwangu amalizie kupaka rangi lile jiko aliloanza akaliacha nusu.

Nifikishie salamu kwa mama mkwe wako, kwa fundi cherehani wa hapo mlangoni, na kwa yule mpangaji wako asiyesalimia, pengine akisalimiwa atajifunza.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Bwana Afya (mstaafu)

Nyongeza: Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Yote niliyoandika yalitokea, ila pendekezo si langu. Binti yako ndiye aliyenituma. Alisema, mjomba, mama hajakubaliana nawe tangu mkiwa watoto. Wewe mwambie akatae, kesho yake atapanga tarehe ya harusi. Na kweli nilikuambia usipake nyumba rangi ya bluu, ukapaka bluu. Nilikuambia shemeji hafai, ukaolewa naye mwezi uleule, na akakutunza mpaka siku aliyofumba macho. Lakini sijawahi kutia saini ripoti ya uongo, na mkono umegoma kuanza leo. Kijana ni safi. Mama yake ni safi. Mkubalie. Sasa nimeshasema, na nakujua ulivyo. Nakuomba dada yangu, mara hii moja tu, tukubaliane.