Mkwe Halali Njaa

Jumatatu, 3 Machi
Jemadari karudi sikio limechanika. Tena! Dume akishaanza ugoni hana adabu. Marehemu mke wangu aliniachia sufuria na huyu paka. Sufuria imetoboka. Paka lazima abaki.

Daktari wa mifugo kasema ahasiwe, la sivyo mapigano yatamuua. Nikabana miguu. Kauliza uzito. Nikamwinua kwa mkono mmoja. Kilo tatu, nikasema, mimi nabeba saruji tangu ujana. Mzani ukasema tano kasoro! Daktari kasema sindano ya usingizi hupimwa kwa uzito. Ikipungua ataamka kisu kikiwa kazini, ikizidi haamki kabisa. Kauliza kama anakula kwingine. Hapana! Paka wangu ana heshima.

Sindano Alhamisi. Tangu Jumatano jioni asile kitu.

Jumanne, 4 Machi
Mama mshonaji wa mlango wa pili kapita hapa tunapojenga. Vitoto vya paka wake vimeacha ziwa, vyote vina madoa ya Jemadari. Kwa hiyo Jemadari ni mkwe wake. Na mimi kaniita bamkwe, mbele ya mafundi! Wamecheka mpaka karai la zege likamwagika.

Habari ya sindano simwambii ng'o. Mdomo wake una kasi kuliko cherehani yake. Mtaa mzima utajua namhasi mkwe wake. Siri.

Jumatano, 5 Machi
Jioni nimemfungia Jemadari jikoni. Kalia kama mfiwa. Na mimi sikula, nimeona aibu. Dirisha nimeliacha wazi kidogo apate hewa. Akili hiyo!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Daktari kauliza, amekula? Nikaapa hajala. Kachomwa. Mara katapika. Samaki! Mimi samaki sijanunua siku nyingi. Daktari kamwinamisha kichwa, kampangusa mdomo haraka. Kasema matapishi yakiingia mapafuni, basi tena. Kisu kaweka chini. Leo hapasui.

Jemadari kalala. Macho wazi! Hapepesi! Nikajua kafa. Nikayafumba kwa vidole, kama nilivyoyafumba ya mke wangu. Yakafunguka. Nikalia mbele ya watu, mtu mzima na vumbi langu la saruji. Daktari kasema dawa hii huwaacha macho wazi, ndiyo maana kayapaka mafuta yasikauke. Nitazame kifua. Nikatazama. Kinapanda. Kinashuka. Sikutoka pale mpaka kaamka.

Nimegonga kwa mshonaji. Ndiyo, kampa samaki dirishani alfajiri. Kila siku humpa! Mkwe halali njaa, kasema. Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka. Kakaa chini, kashika kichwa. Halafu kanifokea: bamkwe, si ungeniambia tu!



Alhamisi, 13 Machi
Tumeenda wote. Samaki hakuna, kaapa mara mbili njiani. Sindano, usingizi, macho wazi, kisu. Safari hii sikulia. Nililia kidogo. Daktari kasema mwili wao hupoa wakilala, tumfunike. Mshonaji kaja na blanketi la vipande vya nguo za wateja.

Jioni nyumbani Jemadari kasimama. Kaanguka. Kasimama. Kagonga mguu wa meza. Mshonaji kasema mkwe katoka harusini. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kicheko kilikuwa kimehama nyumba hii.

Blanketi kaliacha. Kasema atalifuata kesho.

Ijumaa, 14 Machi
Kaja. Kanywa chai. Kasahau blanketi.

Jumatatu, 24 Machi
Kesho zamu ya paka jike wa mshonaji kupasuliwa, asizae tena. Tunaenda wote. Mshonaji kaniachia nimlinde usiku huu, ana nguo za kumaliza. Kasema, bamkwe, asile hata punje. Nimeapa.

Nimefunga mlango. Nimefunga dirisha. Mimi si mjinga.

Lakini nimewaza. Kesho akipasuliwa, safari zimekwisha. Blanketi nalo atalikumbuka.

Nimempa kichwa cha samaki. Kesho daktari akiuliza, nitasema kala, kabla ya sindano. Ya samaki nimeyaona, sirudii. Daktari ataahirisha. Paka mzima. Na sisi wawili tutarudi wiki ijayo, polepole, kwa miguu.

Mpango safi kabisa. Mshonaji simwambii ng'o.